Mrejesho: Picha za babu wa mgodini zimebanduka

Niliuliza namna ya kubandua picha za babu, mchimbaji, zilizoganda kwenye albamu ya kurasa za gundi. Asanteni, uzi wa kusafishia meno umefanya kazi. Unaupitisha nyuma ya picha taratibu, kama unakata sabuni. Moja tu imechanika kona (haraka zangu). Mbili zimegoma kabisa, nikaziskani zikiwa palepale kwenye ukurasa.

Zote nimeziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), pamoja na migongo ya zile zilizobanduka. Migongo ndiyo mali! Nyuma ya picha ya wanaume sita wenye kofia za taa, nyuso nyeusi kwa vumbi, babu kaandika majina yao kwa penseli, na mbele ya jina moja kaongeza: "bado ananidai sabuni." Bibi kuiona, kacheka hadi machozi. Anamkumbuka huyo mdai vizuri sana.

Negativu (filamu za picha) zinazonuka siki nimezitenga na nzima, maana mvuke wake wa asidi huziharibu na nyingine. Ziko kwenye bahasha za karatasi, mahali pa baridi.

Sasa imebaki ile ya watoto wakichota maji nje ya kambi. Nyuma haina hata neno moja, na bibi na shangazi wanabishana ni mtoto yupi kati yao ndiye baba yangu.