Polisi Wasaidizi wa Belarus: Je, Kulazimishwa Kunafuta Hatia?

Wapo wanaodai kwamba Wabelarus waliojiunga na polisi wasaidizi wa Wajerumani kati ya 1941 na 1944 hawastahili lawama, kwa kuwa nchi ilikuwa imetekwa na aliyekataa kubeba bunduki alijitafutia kifo. Dai hilo lina ukweli kwa miaka ya mwisho ya vita. Kwa mwaka wa kwanza silikubali.

Minsk ilitekwa mwishoni mwa Juni 1941, na polisi wa kwanza, ambao wanavijiji waliwaita politsai, walikusanywa muda mfupi baadaye, wengi wao kwa hiari: huyu alifuata mshahara na posho ya chakula, yule alikuwa na kisasi na utawala wa Stalin, na mwingine alizikodolea macho mali za jirani yake Myahudi. Oktoba mwaka huohuo, pale Borisov, Wayahudi wapatao 7,000 waliuawa, na polisi wa mji huo walishiriki katika mauaji yenyewe. Wapiganaji wa msituni waliowapinga Wajerumani walikuwa bado wachache, kwa hiyo hata kisingizio cha kujilinda dhidi yao hakikuwa na uzito.

Hali ya 1944 ilikuwa nyingine. Jeshi la ulinzi wa ndani lililoongozwa na Franz Kushel lilijazwa kwa amri ya kuandikisha vijana, na kijana aliyejificha aliwaweka wazazi wake hatarini. Kumweka huyo kapu moja na muuaji wa Borisov, kama ilivyozoeleka katika simulizi za Kisovieti zilizowaita wote wasaliti, ni dhuluma.

Hata hivyo, kulazimishwa kuvaa sare si kulazimishwa kufanya kila kilichofanywa ndani yake. Anthony Sawoniuk, aliyekuwa polisi katika mji mdogo wa Domachevo na baadaye akahamia Uingereza, alishtakiwa London mwaka 1999, na baraza la wazee wa mahakama lilisafirishwa hadi Belarus kupaona mahali penyewe. Alikana kuua; mashahidi walieleza walichokiona, naye akafungwa maisha. Mahakama ilipima matendo ya mtu mmoja, si jina la kikosi chake, na hicho ndicho kipimo ninachokitetea.

Anayeshikilia kwamba wote walishurutishwa anijibu hili: mwaka 1941, kabla ya amri ya kuandikishwa, ni nani aliyewashurutisha waliojitokeza wenyewe?