Naomba ushauri: Niuache mkono wa mungu Tyr ukatwe katika hadithi ya watoto?

Ndugu zangu, ninaandika hadithi ya kusisimua kwa watoto wa miaka 8 hadi 10, nikitumia visa vya miungu wa kale wa Skandinavia alivyoviandika Snorri Sturluson huko Iceland katika karne ya 13. Sura ninayoipenda mno ni ya mbwa mwitu Fenrir, aliyevunja pingu mbili imara, kisha akafungwa kwa utepe laini, Gleipnir, uliotengenezwa kwa vitu kama sauti ya nyayo za paka, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Hata hivyo, Tyr, aliyeweka mkono wake kinywani mwa mnyama huyo kama dhamana kwamba angefunguliwa, anaupoteza, na miungu wenzake wote wanacheka. Binti yangu alilia niliposoma hapo. Je, nilipunguze makali tukio hilo, au niliache lilivyo?