Duara linatoka yai kwenye tableti ya kuchorea

Swali:
Wakuu, habari za jioni. Miaka 9 nachora mabango ya maduka kwa brashi hapa Tanga. Juzi nimenunua tableti ya kuchorea, ile isiyo na kioo, natumia Krita, programu ya kuchorea, kwenye laptopu. Mkono uko mezani, macho yako kwenye skrini, na kila duara linatoka yai. Jana jicho la samaki nimelirudia mara 40. Tatizo ni mkono wangu au mashine?

Jibu:
Pole sana fundi. Mkono wako mzima. Upana na urefu wa tableti haulingani na wa skrini, ndiyo maana duara linavutwa. Fungua mipangilio ya kalamu, uchague uwiano ulingane na skrini.

Jibu:
Mstari ukitetemeka, washa kitulizaji kwenye brashi ya Krita. Usikizidishe, mstari utaanza kuburuta nyuma ya kalamu. Na chora kwa bega, kama unavyochora ukutani.

Aliyeuliza:
Uwiano nimeuweka sasa hivi. Jicho limekaa! Ahsanteni sana ndugu zangu, naingia kwenye magamba.