Tupeane uzoefu: wewe hapa Mombasa unafanyia kazi wapi, na unalipaje?

Wandugu mnaojitegemea, watafsiri, wachoraji, waandika programu, tuambizane. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika hapa kwetu 2009, intaneti ya nchi inapitia mlangoni mwetu, lakini ukitaka meza kwenye ofisi ya pamoja na stima isiyokatika unaambiwa ulipe mwezi mzima mbele. Pesa zetu wenyewe haziji kwa mwezi! Mimi nyumbani Kisauni ni chumba kimoja na watoto, kwa hivyo kazi ikiwa nzito nalipia meza ya siku, mia tano. Nyinyi je?

Bint Tudor
Sisi tumekodi chumba watu wanne, juu ya duka. Kodi na faiba tunagawana sawa, hapo hapana neno. Tokeni za stima ndizo zilizotaka kutugombanisha. Mwenzetu mmoja ahariri video, kompyuta yake yala stima kuliko zetu zote, na kaskazi ikianza AC yawaka tangu asubuhi. Maneno yakawa mengi, mpaka fundi akatufungia mita ndogo kwenye soketi zake na AC. Sasa kila Jumamosi twaisoma, alipa chake kando, na salamu zimerudi. Kiti cha tano twampa anayeanza kazi. Kodi halipi, ananunua mtungi wa maji ya kunywa.

Mla Viazi Karai
Vijana msisahau kituo cha Swahilipot, pale karibu na Fort Jesus. Wa teknolojia na wa sanaa wote mtapata wenzenu.

Mvuka Feri
Kwangu shida ni saa, bei baadaye. Mteja wangu yuko New York. Kwake ikigonga saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi jioni, na wakati wao wa baridi ni saa kumi na moja, ndipo mlinzi anaanza kuzima taa! Nikamuuliza mwenye mahali, hivi viti usiku si vinakaa bure? Akakubali nusu bei, jioni hadi saa nne. Likoni navuka kwa miguu bure, ila tuktuk ya kunifikisha feri usiku, wacha tu.

Mama Buibui
Nililipia mahali pazuri Nyali, sofa, maua, kila kitu. Choo karatasi tupu, bomba la maji hakuna. Nitatawadha wapi? Nikauliza pa kuswali, nikaonyeshwa stoo. Nimehamia kwingine, viti vya plastiki, lakini pana mkeka safi na Ramadhani wanafungua tena baada ya tarawehe.

Mwenye Funguo
Nasimamia mahali kama hapo. Kodi ya nyumba na betri za stima ikipotea ndizo zinazotumaliza, si tamaa. Tumeanza kadi ya masaa kumi: yatumie wiki moja au miezi miwili, shauri yako.

Mimi wa Kisauni tena: Mwenye Funguo, uko mtaa gani? Nina kazi ya kukabidhi Ijumaa.