Kegi imejaa gesi kupita kiasi: nivute valvu, nitikise, au niitoe frijini?

Mnywa_Shayiri
Wakuu, nimeharibu. Kegi (pipa la chuma la bia) ya lita 19, niliiwekea gesi kwa psi 30 (psi ni kipimo cha presha) nikaitikisa, nikijua nitashusha presha jioni. Nimekuja kukumbuka siku ya tatu! Sasa glasi nzima povu, bia yenyewe vidole viwili chini. Kesho kutwa nina wageni. Njia ipi haitaniulia bia?

Kibuyu
Kwanza jibu hili: glasi ya pili na ya tatu zinatokaje? Kama povu ni la ya kwanza tu, koki ndiyo ina joto, bia haina kosa.

Mnywa_Shayiri
Zote povu, mkuu.

BabaZawadi
Basi ni gesi. Funga mtungi, chomoa mpira wa gesi, vuta pete ya valvu ya usalama mpaka mlio uishe. Subiri nusu saa, rudia. Inachosha, kwa sababu kila ukivuta unatoa gesi iliyokaa juu tu. Iliyoyeyuka ndani hupanda kwa raha zake. Na kegi ikiwa imejaa hadi shingoni, juu hamna nafasi, utavuta mpaka uchoke. Ila ndiyo njia ya upole kuliko zote.

Fundi_Koki
Kutikisa kunaharakisha, lakini ukishatikisa usivute hapo hapo. Mimi nilioga bia jikoni, darini doa lipo mpaka leo. Iache itulie kwanza.
Kuitoa frijini pia kunasaidia, maana bia baridi hushika gesi na ya joto huiachia. Shida ni kwamba utaipoza upya, na wewe siku huna.

Mzee_wa_Hamira
Mmesahau ya nne. Toa presha yote, kisha ingiza gesi kwa upande wa bia, psi 2 au 3, valvu ikiwa wazi. Inashuka kwa mrija mrefu hadi chini, na mapovu yakipanda yanaikokota gesi iliyoyeyuka. Ndiyo, unatoa gesi kwa gesi, usinicheke. Kiungio cha mpira wa gesi kiwe cheusi, yaani cha upande wa bia. Cha kijivu, cha upande wa gesi, ukikilazimisha hapo kitakwama. Na usipotoa presha kwanza, bia itarudi mpaka kwenye regyuleta, kile kifaa cha kurekebisha presha ya mtungi.

Kibuyu
Hiyo kwa mwenye haraka tu. Harufu ya hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) inatoka pamoja na gesi. Mimi namuunga mkono BabaZawadi.

Mnywa_Shayiri
Mrejesho: nimevuta usiku kucha kila nilipoamka, asubuhi nikarudisha gesi psi 11, friji nyuzi 3. Inanyweka, ila povu bado ni nusu glasi.

Fundi_Koki
Mpira wako wa bia una urefu gani?

Mnywa_Shayiri
Mita moja hivi.

Fundi_Koki
Ahaa! Mpira mfupi hivyo unaitoa bia kwa kasi, ndiyo maana povu. Weka mita 3 za mpira mwembamba, halafu uache kuitesa hiyo valvu.