Gumzo la ukoo: fulana tatu, wiki tatu

JUMAMOSI

Mimi: Shikamooni wakubwa. Wadogo, habari za jioni. Safari imebaki siku 9. Nimeamua kubeba begi moja tu la mgongoni, niingie nalo ndani ya ndege, nisisubiri mzigo popote. Mwisho kilo 7. Wiki tatu: mwanzo ni joto kali, halafu milimani ambako usiku ni baridi. Nasikia watu wanasifu fulana za sufu ya merino, wale kondoo wenye manyoya laini. Kuna aliyewahi kuzivaa?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mimi huu mwaka wa sita. Uliza.

Mjomba: Sufu kwenye joto? Utaiva, mama.

Dada: Mimi nilivaa sweta la sufu siku moja tu, shingo ikaniwasha mpaka usiku. Sikurudia.

Shangazi: Hilo lilikuwa sufu nene. Angalia unene wa unyoya mmoja mmoja. Unapimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unyoya wa maikroni 30 kwenda juu ncha yake haipindi ikigusa ngozi, inachoma. Ndiyo inayowasha. Merino ya fulana huwa kama 17 hadi 19, ncha inalala yenyewe. Unywele wa kichwani kwa wengi wetu ni mnene mara tatu au zaidi ya huo.

Dada: Kumbe! Miaka yote hii najua ngozi yangu haipatani na sufu ya aina yoyote.

Shangazi: Ukija kwangu chukua moja ya zangu, uivae kutwa. Shingo itakujibu.

Shangazi: Kaka, na wewe nakujibu. Joto unaloogopa ni la kitambaa kizito. Kuna merino ya gramu 150 kwa mita ya mraba, hiyo ni nyepesi kama fulana ya pamba. Na sufu inanyonya mvuke wa jasho ukaingia ndani kabisa ya unyoya, hadi karibu theluthi ya uzito wake, kabla hujahisi imelowa. Pamba ikilowa inakugandia mgongoni, ukifika kwenye upepo unatetemeka.

Mjomba: Sawa, lakini poliesta inakauka upesi kuliko zote mbili.

Shangazi: Hapo umesema kweli. Inaishinda sufu kwa kukauka. Sasa niambie, zile fulana zako za baiskeli zinanukaje?

Mjomba: Nafua vizuri, zinatoka safi. Nikipanda kilima cha kwanza tu, harufu ya juzi hiyo imerudi.

Shangazi: Ndiyo hivyo. Mafuta ya jasho yanashika juu ya nyuzi za poliesta na sabuni haiyatoi yote, bakteria wanabaki na chakula. Sufu inaifungia harufu ndani, inaiachia ukifua. Mwanangu, nguo chache zinatosha kwa sababu hiyo. Fulana moja unaivaa siku tatu, hata nne, mradi usiku unaitundika penye upepo.

Kitinda mimba: Siku nne bila kufua??

Shangazi: Siku nne. Nimekaa kwenye basi kwa muda wa saa kumi na moja, siku ya nne, na jirani yangu kanisinzilia begani.

Mimi: [picha] [picha] [picha]
Shangazi, hizi ndizo lebo za fulana tatu nilizoziona leo. Zote mbele zimeandikwa merino kwa herufi kubwa.

Shangazi: Ngoja nivae miwani.

Shangazi: Ya kwanza: merino 100%, maikroni 17.5, gramu 150. Laini sana, nzuri kwa joto. Ila ni nyembamba, itakuomba uangalifu.
Ya pili: merino 87%, nailoni 13%, gramu 150.
Ya tatu iache. Soma maandishi madogo ya ndani: sufu 30%, akriliki 70%, yaani uzi wa kiwandani unaoiga sufu. Neno merino liko mbele, nguo yenyewe ni akriliki. Hawajataja maikroni wala gramu, na anayeuza kitu kizuri huwa anavitaja.

Mimi: Kati ya ya kwanza na ya pili? Nilidhani 100% ndiyo bora daima.

Binamu: Usichukue 100%, nakuambia kwa uchungu. Yangu ilipata matundu tumboni miezi miwili tu baada ya kuinunua, yakafuatana kama yamepangwa.

Shangazi: Begi lako lina mkanda wa kiunoni?

Binamu: Ndiyo.

Shangazi: Basi ni huo. Kifungo cha begi na cha mkanda wa suruali vinasugua sehemu ile ile kila siku, na merino nyembamba haivumilii msuguano. Kuna namna wanaifanya nailoni iwe moyo wa uzi, sufu inazungushiwa nje. Ngozi inagusa sufu, nguvu inatoka ndani. Kwa mtu wa begi la mgongoni, mimi nachagua ya pili bila kufikiri mara mbili. Ya 100% iwe ya kulalia na ya jioni, usipobeba kitu.

Shangazi: Na tundu likiwa dogo, lishone siku hiyo hiyo kwa uzi mwembamba. Ukilisubiri linakimbia.

Mimi: Basi nichukue tano?

Shangazi: La, mama. Tatu. Mbili za mikono mifupi za gramu 150, moja ya mikono mirefu ya gramu 200. Milimani unavaa ya mikono mirefu juu ya moja ya mifupi, halafu jaketi. Rangi nyeusi au kijivu iliyokolea, madoa ya safari hayaonekani. Kama fedha haitoshi, anza na soksi na chupi, huko ndiko utakakoiona tofauti siku ya kwanza. Soksi jozi tatu, na hizo hakikisha zina nailoni, maana kisigino kinakula sufu.

Shangazi: Ila usinunue kila kitu cha merino. Nimeona watu wanafanya hivyo na inaniuma, kwa sababu bei ni kubwa. Suruali ya merino inaisha makalioni na magotini. Jaketi la mvua ni la nailoni au poliesta, sufu haizuii mvua. Taulo pia usihangaike nalo. Merino ni ya mahali ngozi inapotoa jasho.

Mjomba: Kwa hiyo poliesta yangu haijafukuzwa.

Shangazi: Haijafukuzwa kaka, inakaa nje tu.

Bibi: Hao kondoo ni wa wapi?

Shangazi: Shikamoo mama. Asili yao tunayoijua ni Hispania. Zamani wafalme wa huko walikataza kabisa kuwatoa nje ya nchi. Baadaye wakasambaa, wakafika Australia mwaka 1797, na leo Australia ndiyo inayoongoza kwa sufu hiyo.

Binamu: Nilisoma kwamba huko Australia wapo wanaowakata kondoo ngozi ya makalioni ili nzi wasitage humo. Tangu hapo moyo wangu mzito.

Shangazi: Ni kweli, na wewe una haki kuumia. Mnyama anapata maumivu makubwa. New Zealand walipiga marufuku mwaka 2018. Ukinunua tafuta alama ya RWS kwenye lebo, yaani Responsible Wool Standard, kiwango cha kuwatunza kondoo vizuri; shamba lenye alama hiyo haliruhusiwi kukata hivyo. Mimi bila alama sinunui, hata iwe nusu bei.

Mimi: Ya pili ina RWS. Nimeikuza picha.

Shangazi: Vizuri sana.

Dada: Na kufua? Maana mashine yangu ilishalirudisha sweta la mtu likawa la mtoto wa miaka mitano.

Shangazi: Unyoya wa sufu una magamba madogo. Ukiutia joto pamoja na msuguano, magamba yanashikana na hayaachani tena, ndipo nguo inarudi. Fulana nyingi za siku hizi zimetiwa dawa ya kuyafunika magamba hayo, ndiyo maana utaona zimeandikwa zinaruhusu mashine. Hata hivyo mimi nafua kwa mkono, maji baridi au ya vuguvugu. Sabuni ya sufu, na ukikosa, shampuu ya nywele. Sufu ni nywele.
Dawa ya kulainisha nguo hapana. Ya kung'arisha hapana kabisa, inayeyusha sufu. Na zile sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula protini ziepuke, sufu yenyewe ni protini.

Mimi: Halafu nakamua na kuanika?

Shangazi: Usisokote! Bonyeza maji yatoke, ilaze juu ya taulo kavu, vikunje pamoja kama mkeka, ukandamize kwa goti. Fungua, tundika. Na ifanyie majaribio hapo hapo nyumbani kabla ya kusafiri.

JUMATATU

Mimi: Nimenunua mbili za aina ya pili na moja ya mikono mirefu. Moja nimeifua saa tatu usiku kwenye sinki, nimeitundika chumbani, dirisha wazi.

Mjomba: Tunasubiri matokeo.

JUMANNE

Mimi: Saa kumi na mbili asubuhi. Mbele na mgongoni kukavu. Kwapani kwenye mshono na kwenye pindo la chini bado kuna unyevu.

Shangazi: Uliikandamiza kwenye taulo?

Mimi: Niliibonyeza kwa mikono tu. Nilikuwa na usingizi.

Shangazi: Leo rudia, na taulo.

JUMATANO

Mimi: Saa kumi na moja na nusu. Kavu, hata mshono. Nimeivaa. Begi na kila kitu ndani limesoma kilo 5.8.

Bibi: Na sweta umebeba?