Mjadala: Je, nyavu zetu Malindi zinawageuza samaki wawe wadogo?

Jamaa, kuna ubishi ufukweni na nataka tuumalizie hapa. Mzee mmoja, mvuvi wa madema (mitego ya samaki), anashikilia kwamba tafi na changu wamekuwa wadogo kwa sababu wakubwa wamevuliwa wakaisha, basi. Anasema tukiacha juya, wavu wa kukokota, na nyavu za matundu madogo, samaki watakua na mambo yatarudi kama zamani.

Namkubalia nusu. Tumevua kupita kiasi, na juya linazoa hata vichanga. Lakini mzee wangu, samaki hawalingani. Kuna anayekua haraka na anayekua polepole, anayetaga mapema na anayechelewa, na sehemu ya tofauti hizo hurithiwa. Chanzo chake ni mabadiliko ya jeni, yaani vibeba urithi, yanayozuka kwa bahati tu. Sasa wavu wa matundu makubwa unampitisha nani? Kibeti aliyetaga akiwa mdogo. Mwenye kukua haraka hunaswa kabla hajataga. Vizazi vikipita, mbegu inayobaki majini ni ya yule kibeti. Uteuzi ndio huo, ila anayeteua ni sisi.

Marekani, watafiti David Conover na Stephan Munch walilijaribu hilo kwa visamaki vya Atlantiki vilivyofugwa matangini. Kila kizazi waliondoa asilimia 90: huku wakubwa, kule wadogo. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Baada ya vizazi 4 tu, walikoondolewa wakubwa, uzito wa mavuno ulikuwa karibu nusu ya kule kwingine. Chakula kilikuwepo, kilichopungua ni urithi wa kukua.

Kuna atakayesema bahari ni moja, mkondo huchukua mayai na vifaranga, jeni zikachanganyika. Kweli kabisa, na ndiyo maana naitetea hifadhi yetu ya bahari ya mwaka 1968, ingawa najua ina maadui wengi kwenye ngalawa. Majike wakubwa waliomo mle hututilia mbegu nje.

Rai yangu: kikomo kiwe pande mbili. Mdogo arudishwe, na mkubwa sana naye arudishwe. Wa dema anaweza, kwa kuwa samaki wake hutoka hai. Wa wavu humtoa keshakufa, na mchuuzi anamsubiri na mizani. Haya, wenye nyavu, ninyi mnapendekeza nini?